Kampuni za simu zikinunuana, ni haramu?

SWALI: Sheikh, mimi ni wakala wa pesa za simu, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Kampuni zikinunuana tukabaki na chache, hiyo si ihtikari, yaani kuhodhi kulikokatazwa?

JIBU: Ndugu yangu, kununuana ni mauziano tu. Yakiwa na ridhaa, yanafaa. Millicom, mmiliki wa Tigo wakati huo, ilinunua 85% ya Zantel mwaka 2015, na leo Tigo yenyewe inaitwa Yas, chini ya kampuni ya Axian. Ukubwa si dhambi. Mtume (s.a.w.) alimkemea anayeficha bidhaa ili bei ipande, lakini alipoombwa apange bei Madina, alikataa.

Sasa tazama meza yako, na laini ya uwakala ya kila mtandao. Tangu mitandao ianze kuunganishwa mwaka 2014, mteja hutuma pesa kutoka mtandao huu kwenda ule. Kampuni kubwa ikiziba njia hiyo, au ikikupunguzia kamisheni kwa kuwa huna pa kukimbilia, hapo dhuluma imeingia, na mtawala ana haki ya kuingilia. Zamani ilikuwa kazi ya hisba, yaani usimamizi wa soko. Leo ni ya Tume ya Ushindani, FCC. Peleka malalamiko huko, pamoja na kumbukumbu za miamala.

Riba ya mikopo ya simu ni swali jingine, na kwangu mimi ndilo zito zaidi.