Kwa Nini Pombe ya Ulezi Haiwekwi Katika Chupa?

Huko Iyula, wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe, pombe ya ulezi hunywewa ingali ikichachuka. Ikifungwa katika chupa, chupa huweza kupasuka. Kimea kinachotiwa mwisho hakichemshwi; kwa hiyo vimeng'enya vyake huendelea kugeuza wanga kuwa sukari, nayo hamira hugeuza sukari hiyo kuwa kileo na gesi ya kabonidayoksaidi:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Mwanafunzi na apige hesabu: gramu 180 za glukosi hutoa gramu 88 za gesi. Basi gramu 10 tu hutoa zaidi ya lita 2.5 za gesi.

Bia ya Kiingereza iliyopelekwa Bara Hindi kwa merikebu katika karne ya 19 ilistahimili miezi mingi. Maji ya kimea yalichemshwa, vimeng'enya vikaharibika. Yakatiwa maua ya hopsi, ambayo uchungu wake huzuia bakteria wa asidi ya laktiki, wale wale waifanyao pombe ya ulezi kuwa chachu mno baada ya siku chache. Mtengenezaji wa bia hiyo hungoja kwanza densiti yake, ipimwayo kwa haidromita, isipungue tena kwa siku kadhaa. Ndipo huongeza sukari gramu 6 kwa lita na kuifunga. Na hata hapo, chupa nyembamba haifai.