Bili ya Intaneti Hufuata Jina, Haifuati Nyumba

Masomo yetu mengi huwa yanahusu kutuma hela nyumbani. Leo tunarudi nyuma hatua moja, tuangalie hela inayochomoka mfukoni kabla hujafika kwenye dirisha la kutumia: simu, na intaneti ya nyumba ya kupanga.

Tuanze na kisa cha mwenzetu mmoja. Alipanga nyumba Nizwa na wenzake watatu. Wakati huo yeye peke yake ndiye aliyekuwa na bataka mkononi, kwa hiyo akasaini yeye mkataba wa intaneti wa miezi 12. Bili ilikuwa riali 21 kwa mwezi, wakichangishana wanne. Mwezi wa saba kazi yake ikaisha, akafunga safari kurudi Tanga. Wenzake wakamwambia, "Nenda tu kaka, sisi tutaendelea kulipa." Wakalipa mwezi mmoja. Baadaye kila mtu akahamia kwake, rauta ikabaki kabatini.

Mwaka uliofuata jamaa akapata kazi Sur. Akaenda dukani kuchukua laini. Dada wa kaunta akaangalia kompyuta, akamwambia taratibu: una deni. Miezi minne ya mkataba ni riali 84, na juu yake bei ya rauta ambayo haikurudishwa. Mshahara wake wa kwanza alikuwa ameshauahidi kwa mama yake, wa kuezekea chumba. Haukufika Tanga.

Sasa somo lote la leo liko hapo. Ile nyumba ilipata wapangaji wengine na maisha yakaendelea. Deni halikubaki na nyumba, lilimfuata yeye.

Kwanza, jua unachonunua

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

Laini ya vocha: unaweka hela, unatumia, zikiisha umemaliza. Haikuachii deni la kila mwezi.

Laini ya bili, wengine wanaiita laini ya fatura: unatumia kwanza, unalipa mwisho wa mwezi. Mara nyingi ina mkataba, hasa ukipewa na simu ya mkononi ya kulipa kidogo kidogo.

Intaneti ya nyumba: ama waya wa faiba unaoingia ukutani, ama rauta ya 5G unayochomeka kwenye umeme tu. Omantel, Ooredoo, Vodafone na Awasr ni majina mtakayoyakuta. Hii nayo huwa na mkataba, na muda wa mkataba ndio jambo la kuuliza kabla ya bei.

Kanuni yetu ni rahisi: usisaini mkataba wa intaneti mrefu kuliko muda uliobaki kwenye mkataba wako wa kazi. Kama kazi imebakiza miezi mitano, tafuta huduma ya mwezi kwa mwezi hata kama bei yake imezidi kidogo. Hiyo ziada ni bei ya kuondoka bila deni.

Kabla ya kuchukua funguo

Ukienda kuangalia nyumba, usiangalie maji na kiyoyozi peke yake. Ingia chumba utakacholala, funga mlango, piga simu. Huku kwetu nyumba nyingine ziko nyuma ya jabali au ndani ya kuta nene, na mtandao unaokamata vizuri barabarani unakufa ukishaingia ndani. Azima laini ya kampuni nyingine ujaribu hapo hapo. Na uliza kama faiba imefika kwenye jengo lenyewe. Kufika mtaa wa pili hakukusaidii.

Halafu muulize mwenye nyumba. Ibra na Sur tuna bahati ya pekee: unaweza kumkuta mzee aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kinakushinda wewe. Raha kweli, lakini ndiyo inayotuponza. Kwa kuwa tumeelewana kwa lugha moja, tunaona aibu kuandikishana. Mzee atasema, "Intaneti imo humo humo kwenye kodi, mwanangu, usijali." Naye anasema kweli. Lakini laini ni ya jina la kijana wake aliyehamia Muscat, na siku kijana akiifunga, hakuna wa kumlaumu.

Basi uliza kwa heshima: "Shikamoo mzee. Naomba kujua, intaneti ni ya jina la nani? Ikikatika nani anashughulikia? Na kodi itapungua?" Majibu yaandikwe mstari mmoja kwenye mkataba wa nyumba. Mzee muungwana hachukii kuandikishana. Anajua hata biashara ya majahazi ya Sur na Zanzibar ilikuwa na karatasi zake.

Hesabu ya kuchangia

Kuchangia kunalipa, tusidanganyane. Chukua mfano. Intaneti ya nyumba inatangazwa riali 20 kabla ya kodi. Tangu Aprili 2021 Oman inatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, kwa hiyo utalipa riali 21. Mkiwa wanne, kila mtu anatoa riali 5 na baisa 250. Kama kila mmoja alikuwa ananunua bando la riali 8 peke yake, ameokoa riali 2 na baisa 750 kwa mwezi. Kwa mwaka ni riali 33. Riali moja ni kama dola 2.60, kwa hiyo hapo pana zaidi ya dola 85. Ukiwa na mtoto shuleni unajua zinanunua nini.

Ila faida hiyo inabaki kama mmefanya mambo matatu. Moja, mchango unakusanywa kabla ya bili kufika, si baada. Mbili, mwenye jina kwenye mkataba ana karatasi yenye sahihi za wote, kwamba anayehama mapema anatoa sehemu yake au analeta mtu wa kumrithi. Tatu, mwenye jina akiondoka, laini inafungwa au inahamishiwa jina la mwingine kabla hajapanda gari la Muscat. Si "nitawatumia picha ya bataka." Nendeni dukani wote wawili, na bataka zenu.

Kusoma bili bila kuogopa

Wageni wengi wanashtuka wakiona 21.000. Hiyo si elfu ishirini na moja. Riali moja ina baisa 1,000, kwa hiyo tarakimu tatu baada ya nukta ni baisa: hapo ni riali 21 kamili, na 5.250 ni riali tano na baisa 250.

Angalia sehemu nne: deni lililotoka mwezi uliopita, malipo ya mwezi huu, matumizi ya nje ya bando, na kodi. Ile ya tatu ndiyo mwizi. Humo ndimo zinamokaa simu za nje ya nchi, huduma za ujumbe ulizojiunga bila kujua, na matumizi ya data ukiwa nje ya Oman. Ukienda likizo, zima data ya laini ya Oman kabla ndege haijaruka.

Na usinunue bando kubwa kwa kutegemea kupiga WhatsApp. Simu za WhatsApp zimekuwa zikizuiliwa huku kwa miaka mingi. Ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita. Kwanza jaribu kwa bando la siku chache, ndipo uamue la mwezi.

Namba yako ni ufunguo wa hela zako

Hili tunalisisitiza hasa kwa dada zetu wanaofanya kazi majumbani. Namba ya siri ya benki na ya programu ya kutuma pesa inakuja kwenye simu. Kama laini imesajiliwa kwa jina la tajiri wako au la rafiki, siku mkiachana yeye anaweza kuifunga, na wewe ukabaki na hela benki usizoweza kuzigusa. Bataka ikishatoka, sajili laini kwa jina lako, kisha nenda benki ubadilishe namba.

Na wewe usimsajilie mtu laini kwa bataka yako, hata awe wa kijijini kwenu. Akiitumia vibaya, jina ni lako. Ukiwa dukani, omba wakuonyeshe laini zote zilizo chini ya jina lako. Usiyoitambua, waambie waifunge.

Laini yako ya nyumbani nayo usiiache ife. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Kama pesa zako za simu za Tanzania, Kenya au Uganda ziko humo, itumie na uiwekee salio mara kwa mara.

Ukihama au ukiondoka

Anza mwezi mmoja kabla. Uliza gharama ya kuvunja mkataba, au kama unaweza kuhamisha huduma hadi nyumba mpya. Rudisha rauta na waya zake, udai risiti ya kuipokea. Lipa bili ya mwisho. Kisha omba karatasi au ujumbe unaosema huduma imefungwa na hudaiwi kitu. Piga picha zote, ujitumie kwenye barua pepe, maana simu hupotea.

Bili ikiwa na kosa, anza na kampuni yenyewe, na usitoke bila namba ya malalamiko. Wasipokutatulia, peleka kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mawasiliano ya Oman, TRA, ukiwa na namba hiyo na risiti zako. Kiarabu kikikupiga chenga, ofisi za Sanad zilizopo mijini husaidia kuandika na kujaza fomu kwa ada ndogo.

Zoezi la wiki hii

Kabla ya Ijumaa, chukua daftari uandike: laini ngapi ziko kwa jina lako, mkataba wa kila moja unaisha lini, na benki inatumia namba ipi. Ukishindwa kujibu hata moja, hilo ndilo swali la kwenda nalo dukani.

Yule mwenzetu wa Sur alimaliza deni lake, na chumba cha mama kikaezekwa, ila kwa kuchelewa na mvua moja ya masika ikiwa imeshapita juu yake. Sasa hivi risiti zake anaziweka pamoja na pasipoti. Na wewe fanya hivyo. Tukutane somo lijalo.