Homa ya Mafua Katika Mabweni ya Vyuo

Mwanafunzi aliyelala akiwa mzima huamka mwili wote ukimuuma, homa imepanda na kikohozi kikavu kimemshika. Ughafla huo ndio huitofautisha homa ya mafua na mafua ya kawaida, ambayo huanza polepole kwa chafya na kamasi.

Hata hivyo, malaria nayo huanza kwa homa na maumivu ya viungo, hivyo dalili peke yake hazitoshi kuamua. Mgonjwa asinunue dawa ya malaria kwa kukisia. Aende zahanati apimwe. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu tu, na majibu hupatikana katika dakika 20 hivi.

Iwapo malaria haikuonekana, antibayotiki alizobakiza mwenzake chumbani (desturi iliyozoeleka mno mabwenini) hazitamfaa, kwa kuwa homa ya mafua huletwa na virusi. Apumzike, anywe maji kwa wingi, na ameze parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Madirisha yafunguliwe, wala asirudi darasani kabla ya kupita siku nzima bila homa na bila dawa ya kuituliza.

Anayepumua kwa shida, anayebanwa na kifua, anayechanganyikiwa, au aliyerudiwa na homa baada ya kupata nafuu, apelekwe kituo cha afya mara moja, hata usiku. Mjamzito, mwenye pumu na mwenye selimundu wasisubiri dalili hizo.