FIMBO YA MBALI NAYO HUUA NYOKA
Mgogoro kati ya wahusika wasiokutana

Katika hadithi zetu za darasani mgogoro aghalabu huishia kwa ngumi. Shujaa na adui yake wanakutana njiani, wanatusiana, wanapigana, hadithi kwisha. Je, mahasimu wawili wanaweza kukosa kuonana tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na msomaji bado akakaa roho mkononi? Naam, tena sana.

Mgogoro ni mvutano wa nia. Huyu anataka jambo, yule anataka kinyume chake. Nia zao ndizo lazima zigongane. Nyuso zinaweza kubaki mbali. Kwa kazi hiyo mwandishi anahitaji mambo matatu.

Kwanza, kitu kinachogombewa. Katika Rebecca, riwaya ya Daphne du Maurier (1938), msichana anaolewa na mgane, Maxim de Winter. Rebecca, mke wa kwanza, amekwisha kufa. Wawili hao hawakuonana kamwe, lakini wanagombea mume mmoja na nyumba moja, Manderley.

Pili, nyayo. Asiyekuwepo sharti aache alama. Leso ya Rebecca yenye herufi ya jina lake bado imo mfukoni mwa koti. Tena angalia ujanja huu: bibi harusi mpya hatajwi jina kitabu kizima, ilhali jina la marehemu liko kwenye jalada!

Tatu, mjumbe. Bi. Danvers, msimamizi wa nyumba, ndiye mkono wa Rebecca. Vivyo hivyo katika Nineteen Eighty-Four ya George Orwell (1949), Winston Smith anamchukia Big Brother, ambaye anamjua kwa picha tu. Anayemtesa ni O'Brien. Hata hivyo, mwishoni anayeshinda ni yule wa kwenye picha.

Hebu sasa tujaribu wenyewe. Tuseme Mama Atieno anauza mboga kando ya barabara. Afisa fulani mjini anataka barabara hiyo ipanuliwe. Kinachogombewa ni futi sita za ardhi. Nyayo ni alama ya X nyekundu kwenye kibanda. Mjumbe ni kijana wa mkebe wa rangi, ambaye jana tu alinunua sukuma wiki hapo hapo.

Sura moja iwe ya mama, inayofuata iwe ya afisa, na tendo la mmoja limguse mwenzake. Mama na majirani wakienda mahakamani Jumatatu, Jumanne afisa apate barua na chai impoe mezani. Wala usimfanye afisa shetani. Mpe sababu: labda mtoto wake aligongwa na gari mahali pembamba kama hapo. Msomaji akishindwa kuchagua upande, ujue mgogoro umekolea.

Mbona tujisumbue hivi? Kwa sababu mengi yanayotubana hayana uso. Anayepandisha bei ya unga hatumjui, naye hatujui. Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwa Mama Atieno fimbo iko mbali, ofisini, juu ya ramani, na bado inafika kibandani. Kazi ya mwenye kalamu ni kuonyesha mkono ulioishika.

Zoezi: Andika kurasa mbili kuhusu mahasimu wasioonana. Ukimaliza, mfiche mmoja wao kwa kiganja. Kama hadithi ya yule mwingine inaendelea vizuri bila yeye, rudia.