Usiku wa Mgonjwa Aliyepasuliwa
Kijitabu kwa kaya za Sumbawanga na uwanda wa Ufipa

Mtu aliyetoka chumba cha upasuaji mara nyingi halali vizuri. Awe amepasuliwa ngiri au kidole tumbo, au ni mama aliyejifungua kwa upasuaji, usiku wa kwanza na wa pili huwa mgumu zaidi. Usingizi mzito hupungua, naye hushtuka kila mara. Kwa wengi usingizi huanza kurudi baada ya siku chache. Kwa wengine huchukua wiki kadhaa. Wewe unayemuuguza, iwe wodini katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa au nyumbani Laela, Matai au Namanyere, una kazi kubwa katika siku hizo.

Wengi hudhani kwamba aliyepewa nusu kaputi ameshalala vya kutosha. Sivyo. Dawa ile huzima fahamu ili mtu asisikie kisu, lakini haiupumzishi mwili kama usingizi wa kawaida. Akizinduka anakuta kidonda, dripu, mrija wa mkojo, taa inayowaka usiku kucha na simu za watu zinazolia.

Maumivu ndiyo adui wa kwanza. Yanamnyima usingizi, na asipolala anayasikia zaidi. Kwetu mtu anayevumilia bila kulia husifiwa. Kwa aliyepasuliwa, sifa hiyo inamdhuru. Asiyepumua vizuri wala kukohoa kwa sababu ya maumivu anaweza kupata homa ya mapafu. Mwambie muuguzi mapema, kabla maumivu hayajapanda, na uulize dozi ya usiku inatolewa saa ngapi.

Mgonjwa anapoona watu wasiokuwepo

Hili lazima lisemwe wazi, maana limewaponza wengi. Mzee aliyepasuliwa jana anaanza kuita marehemu ndugu zake, anang'oa dripu, anakataa kumtambua mwanawe. Asubuhi ametulia, jioni anaanza tena. Baadhi ya ndugu husema amerogwa, wakataka kumtoa wodini wampeleke kwa mganga. Msifanye hivyo. Huo ni mkanganyiko wa akili unaotokana na ugonjwa, nao huwapata wazee hasa katika siku tatu za kwanza. Unaweza kuletwa na maambukizi, mkojo uliojaa na kushindwa kutoka, upungufu wa hewa au maji mwilini, malaria, sukari kushuka, au dawa fulani. Kila kimojawapo kinatafutwa na kutibiwa hospitalini. Kumtoa ni kumwachia chanzo kiendelee kumla ndani kwa ndani.

Wengine hunyamaza tu, wanasinzia mchana kutwa na hawajibu wakiulizwa. Huo nao ni mkanganyiko, na ni rahisi kuudhania mapumziko. Mwite muuguzi. Kisha akae naye mtu anayemfahamu, azungumze naye taratibu kwa lugha aliyoizoea, Kifipa kama ndicho chake. Mvalishe miwani yake. Mwambie ni siku gani na yuko wapi. Mchana akae kwenye mwanga na atembezwe pindi daktari akiruhusu. Usiku taa ipunguzwe inapowezekana.

Dawa ya nusu kaputi iitwayo ketamini, itumikayo sana katika hospitali zetu, nayo huweza kuleta ndoto za ajabu mtu anapozinduka. Hupita baada ya saa chache.

Kabla ya upasuaji, mwambieni mtaalamu wa dawa za usingizi ukweli wote. Je, mgonjwa hukoroma sana na pumzi yake hukatika akilala? Je, hunywa pombe kila siku? Aliyezoea pombe akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona vitu na hata kupata degedege. Hakuna aibu hapa. Anayeficha ndiye anayehatarisha maisha.

Nyumbani

Juni na Julai baridi ya Ufipa ni kali, na mgonjwa anayetetemeka halali. Mwongezeeni blanketi na soksi. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa: hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mchana asilale muda mrefu, na chai ya majani au kahawa iishie mchana. Msimnunulie vidonge vya usingizi kwenye duka la dawa bila kuandikiwa. Diazepamu, ambayo ni dawa ya usingizi, ikichanganywa na dawa ya maumivu ya tramadoli inaweza kuzima pumzi.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji asiachiwe mtoto usiku peke yake. Mtu mwingine ambadilishe mtoto nepi na kumleta anyonye. Mama akishindwa kulala hata mtoto anapolala, au huzuni ikizidi wiki mbili, aende kituo cha afya. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe siku hiyohiyo.

Msisubiri kupambazuke mgonjwa akiwa na homa, kidonda kinachotoa usaha au damu, mguu mmoja uliovimba, pumzi inayobana, au usingizi mzito kiasi kwamba haamshiki. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu usiku huohuo. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga, namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, ni 115, na kupiga ni bure.