BIBERONI YA SOKONI

Mama, umenunua biberoni iliyotumika, kwa bei ndogo. Kufika nyumbani unaona maziwa ya zamani yamekauka ndani, na ile chuchu ya mpira imepasuka. Unasikia uchungu kwa pesa yako, ni haki. Lakini usiseme, "Nitaiosha tu." Vijidudu vya kuhara vinajificha katika nyufa za mpira, brashi haivifikii. Chuchu hiyo itupe. Chupa iwe ya kuwekea chumvi.

Mtoto mpe ziwa. Kama maziwa yako hayatoki, njoo kliniki mbio. Tutakuonyesha kumnywesha kwa kikombe: kina mdomo wazi, kinasafishika vizuri. Hata mtoto aliyezaliwa leo anaweza. Usimmiminie, umkalishe, kikombe kiguse mdomo, alambe mwenyewe polepole.