Imani ya Nani, Mwili wa Nani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina vifungu viwili ambavyo hukutana mara kwa mara mlangoni pa wodi. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra na imani, na kinaongeza kwamba mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, huduma za afya ya uzazi zikiwemo, kisha kinasema waziwazi kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mhudumu hushika cha kwanza, mgonjwa akashika cha pili, na kwa kuwa mgonjwa ndiye aliyelala kitandani, mara nyingi ndiye anayeshindwa kabla hoja haijaanza. Ninavyoisoma Katiba, vifungu hivi havipigani. Tunavipiganisha sisi kwa kusahau kuuliza swali moja: imani inayotajwa ni ya nani, na mwili unaotibiwa ni wa nani? Imani humlinda mwenye nayo juu ya mwili wake na juu ya kazi ya mikono yake. Haimpi mamlaka juu ya mwili wa mwenzake.

Tuanze na mgonjwa mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo sheria imenyooka zaidi. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa tiba, hata kama kuikataa kutamgharimu maisha, na hata kama sababu yake ni ya kidini ambayo daktari haielewi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari zake, na haki yake ya kukataa pamoja na matokeo ya kukataa huko. Kisha, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, asimguse bila ridhaa. Mfano unaojulikana sana ni wa Mashahidi wa Yehova, ambao hawakubali kuongezewa damu. Mwaka 1979 huko Ontario, Kanada, mwanamke mmoja aliletwa hospitalini akiwa hajitambui baada ya ajali ya barabarani, na mkobani mwake mlikuwa na kadi iliyosema yeye ni Shahidi wa Yehova na asipewe damu kwa hali yoyote. Daktari aliiona kadi, akampa damu, na mwanamke akapona. Kesi hiyo, Malette dhidi ya Shulman, ilipofika Mahakama ya Rufani ya Ontario mwaka 1990, majaji walikubali kwamba daktari alitenda kwa nia njema na kwa ustadi, lakini wakathibitisha fidia ya dola 20,000 kwa sababu aliushika mwili wa mtu aliyekwisha kusema hapana. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, ingawa mantiki yake ndiyo hiyohiyo iliyomo katika sheria yetu ya ridhaa. Ukiwa na imani ya namna hii, iandike, itie sahihi mbele ya mashahidi, itembee nawe, na mwambie ndugu mmoja mahali ilipo. Ukiwa mwanamke unayetaka kuhudumiwa na mwanamke mwenzako kwa sababu ya dini yako, omba bila haya. Sheria inakupa haki ya kutendewa kwa heshima na kwa kusitiriwa, na hospitali yenye watumishi wa kutosha haina sababu ya kukudharau. Wakati wa dharura, hata hivyo, anayehudumu ni yule aliyepo. Vivyo hivyo, asiyetaka kuombewa kitandani anaweza kukataa kwa upole, na tiba yake isipungue hata kidonge kimoja.

Mambo hubadilika mara tu mwili unapokuwa wa mtoto. Mzazi anayekataa damu kwa ajili yake mwenyewe anatumia haki yake. Akiikataa kwa ajili ya mtoto mchanga, anaitumia imani yake juu ya mwili wa mtu ambaye hajapata nafasi ya kuamini wala kukataa. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema maslahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulia katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imejengwa juu ya msingi huo. Afrika Kusini ilikabili swali hili katika kesi ya Hay dhidi ya B, mwaka 2003: wazazi walikataa mtoto wao mchanga aongezewe damu, daktari akakimbilia mahakamani, na mahakama ikaruhusu damu itolewe kwa kuwa uhai wa mtoto ulizidi pingamizi za wazazi. Hapa kwetu tunao wafuasi wa dhehebu la Kavonokia, hasa pande za Tharaka na Kitui, wanaoikataa hospitali pamoja na chanjo. Mtu mzima wa imani hiyo hakosi kwa kutotafuta daktari. Mtoto wake anayekufa kwa ugonjwa unaotibika ni habari nyingine, na jirani anayelijua jambo hilo ana njia: afisa wa watoto, chifu, polisi, au simu ya msaada kwa watoto, 116, ambayo hailipiwi. Najua wapo wazazi watakaosema serikali inawanyang'anya watoto. Dola haina mamlaka ya kumchagulia mtoto dini, na mzazi ana haki ya kumlea katika njia yake. Lakini kumlea katika imani kunahitaji kwanza mtoto awe hai.

Sasa tuje kwa mhudumu, ambako malalamiko ni mengi na sheria haisomwi. Daktari, muuguzi, mkunga na mfamasia hawaiachi dini yao getini wanapovaa koti jeupe, nami sitaki waiache. Hospitali nyingi za nchi hii zilianzishwa na watu waliosukumwa na dini hiyohiyo. Daktari anayeamini kwamba kutoa mimba ni dhambi hawezi kuburutwa hadi chumba cha upasuaji akafanye kwa mikono yake jambo hilo, maadamu yupo mwingine wa kulifanya na uhai wa mgonjwa hauko hatarini. Ulinzi huo una mpaka, na mpaka huo ulichorwa vizuri na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2014, katika kesi ya wakunga wawili Wakatoliki wa Glasgow. Sheria ya huko ya mwaka 1967 inamruhusu mhudumu kukataa kushiriki utoaji mimba kwa sababu za dhamiri. Wakunga hao, waliokuwa wasimamizi wa wodi ya uzazi, walidai kwamba hata kupanga zamu na kuwasimamia wenzao ni kushiriki. Mahakama ilisema hapana: kushiriki ni kutenda tendo lenyewe, wala si kila kazi inayolizunguka. Sheria hiyohiyo inaeleza pia kwamba dhamiri haifuti wajibu wa kuokoa maisha au kuzuia madhara makubwa ya kudumu kwa mwanamke mjamzito.

Nikae kidogo juu ya dharura, kwa maana hapo ndipo watu wanapopotea. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya kinaeleza kwamba matibabu ya dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kuituliza hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa pale ambapo kituo hakina uwezo. Taasisi yenye uwezo ikikataa, imetenda kosa la jinai, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 3. Hakuna mstari wowote katika kifungu hicho unaosema “isipokuwa kwa sababu za dini”. Fikiria basi mwanamke anayefika usiku akivuja damu baada ya mimba kuharibika. Mhudumu anaweza kushuku kwamba mimba ilitolewa kwa makusudi, naye akaona uchungu moyoni. Uchungu wake ni wa kweli, na hauna uzito wowote kisheria wakati damu inatiririka. Anayetakiwa kutibiwa ni mwanamke anayevuja damu. Chanzo cha kuvuja kinaulizwa ili kumtibu vizuri, kamwe si ili kupima kama anastahili. Kumweka benchi mpaka “aseme ukweli” ni kumnyima matibabu ya dharura. Isitoshe, Kifungu cha 26 cha Katiba, kinachokataza utoaji mimba, kinataja chenyewe hali ambazo unaruhusiwa: mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ni mfano ulio wazi, na Sheria ya Afya inaitaja kwa jina. Hapo mhudumu aliye peke yake kwenye zamu hana ruhusa ya kusubiri mwenzake wa asubuhi.

Pingamizi kubwa linatoka katika Katiba yenyewe. Kifungu cha 32(4) kinasema mtu hatalazimishwa kutenda kinyume na imani yake, na hakikuweka sharti. Je, hilo si neno la mwisho? Lingekuwa neno la mwisho kama Kifungu cha 25 kisingekuwepo. Kifungu hicho kinaorodhesha haki zisizoweza kuwekewa mipaka kabisa: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki mahakamani, na amri ya kumfikisha mfungwa mbele ya hakimu. Uhuru wa imani haumo. Unaangukia chini ya Kifungu cha 24, kinachoruhusu mipaka iliyowekwa kwa sheria na yenye kuhalalika katika jamii huru, na kinachotaka izingatiwe kwamba mtu mmoja anapofurahia haki yake asidhuru haki za wengine. Waliotuandikia Katiba walijua kuandika haki isiyoguswa walipotaka. Hapa hawakuiandika, nadhani kwa sababu waliona kwamba imani ya mwenye dawa inaweza kumwangukia asiye na dawa.

Pingamizi la pili ni la dhamiri zaidi kuliko la sheria, nami naliheshimu. Mhudumu husema: kumwambia mgonjwa aende kwa nani ni kumsindikiza dhambini. Chama cha Madaktari cha Dunia, kiliporekebisha kanuni zake za maadili mwaka 2022, kilijaribu kulijibu kwa uangalifu. Kanuni hizo zinakubali pingamizi la dhamiri ikiwa tu mgonjwa hatadhurika wala kubaguliwa na afya yake haitahatarishwa. Kisha zinamtaka daktari amwambie mgonjwa mara moja na kwa heshima kwamba yeye ana pingamizi, kwamba mgonjwa ana haki ya kumwona daktari mwingine, na kumpa habari za kutosha ili afanye hivyo kwa wakati. Ombi hili ni dogo. Habari kuhusu mwili wa mgonjwa na tiba zilizopo kisheria ni mali ya mgonjwa tangu mwanzo. Anayempa hamtendei lolote isipokuwa kumrudishia kilicho chake. Anayeificha ndiye anayetenda, kwa kuwa anamfanyia mwenzake uamuzi bila yeye kujua kwamba uamuzi ulikuwepo.

Wengine husema kwa wepesi kwamba mgonjwa anaweza kwenda kwingine. Mjini, mchana, mwenye nauli, huenda ikawa kweli. Lakini dawa zina saa zake. Aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vile ambavyo madukani huitwa P2, hufaa ndani ya saa 120 na hupungua nguvu kila saa inayopita. Mfamasia anayemuuliza mteja kama ameolewa, kisha akamfukuza jioni ya Jumamosi kwenye kituo chenye duka moja la dawa, hajabaki kando ya jambo. Ameliamua. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mwaka 2001, iliyatupa malalamiko ya wafamasia wawili wa Ufaransa waliokataa kuuza dawa za kupanga uzazi, ikieleza kwamba hawawezi kuitanguliza imani yao na kuwatwisha wengine pale ambapo dawa hupatikana kwa mfamasia tu, ilhali wana njia nyingi za kuidhihirisha imani hiyo nje ya kazi.

Hospitali za misheni ni fumbo gumu zaidi, na sidai kuwa na jibu lililokamilika. Hospitali za Kikatoliki kwa kawaida hazifungi uzazi wala hazitoi sindano na vipandikizi vya kupanga uzazi. Kifungu cha 260 cha Katiba kinasema neno “mtu” linajumuisha kampuni na vyama, hivyo hospitali inaweza kudai kwamba Kifungu cha 32 kinailinda nayo. Tukilikubali hilo, tukubali na upande wake wa pili: Kifungu cha 20 kinasema haki za Katiba zinawafunga watu wote, na hospitali ni mmoja wao. Naona haki ya chini kabisa ya mgonjwa hapo ni tangazo la wazi mapokezini kuhusu huduma zisizotolewa, rufaa bila kuchelewa, na dharura kutibiwa bila neno. Mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua, ambaye aliomba uzazi ufungwe wakati huohuo, anastahili kuambiwa kwenye kliniki ya wajawazito kwamba jambo hilo hapo halifanyiki, ili apange pengine. Asije kulijua akiwa tayari ameshonwa.

Ukinyimwa huduma kwa sababu ya imani ya mhudumu, uliza kwa sauti ya kawaida: “Je, unakataa kwa sababu za kitabibu au za imani?” Mwombe aandike jibu kwenye faili, kisha omba mtumishi mwingine au msimamizi wa zamu. Andika tarehe, saa, na waliokuwepo. Nakala ya faili yako una haki ya kuiomba chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba. Malalamiko huanza kwa msimamizi wa kituo, kwa kuwa Kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya kinakupa haki ya kulalamika na kuchunguziwa. Yasiposikilizwa, daktari na kituo hushtakiwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, muuguzi au mkunga kwa Baraza la Wauguzi, na duka la dawa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu nayo hupokea malalamiko. Aliyevunjiwa haki anaweza kwenda Mahakama Kuu chini ya Kifungu cha 22, ambako kufungua kesi ya haki za kikatiba hakutakiwi kutozwa ada, na ambako ndugu au chama kinaweza kushtaki kwa niaba ya aliyelala kitandani asiyeweza kufika.